Posho Nane za Koplo

Kra, kra, kra. Nikikanyaga pedali ya cherehani, anatafuna. Nikiacha, anatafuna. Nimeishi na mume anayekoroma, na mtoto mwenye pumu, na kwa miaka minne nimeishi nyuma ya kanisa lenye spika sita, lakini sijapata kusikia sauti ya kunitoa roho kama ya mbwa anayejitafuna ngozi. Anaanza na mguu wa mbele, anapanda pajani, anamalizia kwenye shina la mkia, na akifika hapo amefumba macho kama mtu anayekula muwa. Kisha anageukia upande wa pili. Mimi niko kibarazani nafupisha suruali za walinzi, na mshono unakwenda upogo.

"Koplo! Basi!"

Ananitazama kwa adabu, anangoja nitunge uzi, halafu kra, kra, kra.

Mbwa huyu si wangu, na hilo nataka lijulikane mapema. Ni wa mume wangu, Okwera. Yeye ni mtu wa Kitgum, Mkatoliki. Mimi ni Mnubi na Mwislamu, jina langu Sitti, ingawa hapa Nateete, Kampala, wananiita Mama Kamis kwa ajili ya mwanetu aliye jeshini Karamoja. Tulikutana kwenye kambi ya polisi, na waliotuona siku ya harusi walitupa mwaka mmoja. Huu ni wa thelathini na mbili.

Okwera alitumikia polisi miaka ishirini na sita, akatoka na cheo kile kile alichoingia nacho, konstebo. Miaka kumi na moja ya mwisho alikuwa na mbwa wa kunusa, jina lake Duma. Okwera ni mtu wa maneno machache, na nusu ya hayo machache alimpa Duma. Basi mwaka mmoja akaenda Kitgum kumzika mama yake, na aliporudi kazini akakuta banda tupu, limeshamwagiwa maji na kufagiliwa. Mbwa alikuwa mzee, walimweleza, na amri ya sindano ilikuja Okwera akiwa likizo. Ukanda wa shingo ulikuwa umetundikwa msumarini. Akauleta nyumbani, akautia kwenye sanduku pamoja na karatasi zake za kustaafu, na tangu siku ile hakumtaja Duma tena.

Baada ya kustaafu alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala la vyuma Katwe. Kampuni ilikuwa na mbwa wa lindo, rangi ya udongo, masikio makubwa, jina lake Koplo, na Koplo alikuwa amejitafuna mpaka ana mabaka yasiyo na manyoya. Bosi akasema mbwa wa namna hiyo getini anawaaibisha mbele ya wateja. Apigwe sindano, waletewe mwingine. Okwera aliposikia neno sindano, akamwomba yule mbwa. Walitembea kwa miguu kutoka Katwe mpaka Nateete, maana hakuna gari lililokubali kuwapakia, na saa tatu asubuhi nikamwona mume wangu mlangoni ameshika kamba.

"Mama Kamis, hii iko mgeni," akasema.

"Mgeni wa siku ngapi?"

Akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na ukanda wa Duma, akamfunga Koplo shingoni. Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari, ya udhu, ya najisi, ya mwenye nyumba. Nikayameza. Nilimwambia tu kwamba sasa nyumbani kwake kuna mwenye cheo kumzidi, na akishindwa kupiga saluti shauri yake. Akacheka. Okwera kucheka si jambo la kila wiki, na kwa kicheko kile nikajiingiza mwenyewe kwenye taabu ya miezi mitatu.

Kwanza walikuja watu wa Katwe na elimu yao. Pale kila mtu anajua kwamba dawa ya mbwa mwenye ngozi mbaya ni oili chafu ya gari. Jasper, fundi wa kuchomelea anayefanya kazi mkabala na lile ghala, alimpa Okwera nusu jerikani. Mbwa akapakwa, akawa mweusi tii, akajilamba, akatapika siku mbili mfululizo, na mahali alipopachagua pa kutapikia ni penye mkeka wangu. Tukamwosha kwa sabuni ya kipande. Tukajaribu maji ya chumvi, tukajaribu mwarobaini, tukajaribu unga wa kuua viroboto, na hakuna kiroboto hata mmoja aliyeanguka. Kisha Jasper akapata wazo jingine. Alikata bati, akalikunja kama faneli, akamvika mbwa shingoni ili asifikie mwili wake. Kazi nzuri, kingo zimekunjwa vizuri, hata ametia rangi ya fedha. Ila Koplo akigeuka, bati linagonga ukuta. Akinywa maji, linagonga beseni. Akitaka kujitafuna na kushindwa, analisugua hilo bati kwenye mlango wangu mpaka meno yananisisimka. Siku ya tatu nikalivua kwa mwiko.

Na Nnalongo akaja. Huyo ndiye mwenye nyumba, mama wa mapacha, mwanamke mpana mwenye sauti ya kufika barabarani. Ni Mganda, na Kiswahili anakisema jinsi ulimi wake unavyotaka.

"Mama Kamisi, mimi hapana taka maneno mingi. Mbwa hii naleta ugonjwa kwa watoto. Kira mala najikuna, kira mala najikuna! Mwezi hii ikiisha, mbwa natoka. Haitoki, nyinyi wote natoka."

"Kila mara," nikamwambia. "Si kira mala."

Ndiyo tabia yangu. Kiswahili nilikisomea Kibera kwa shangazi yangu, darasa la kwanza mpaka la nane, na tangu nirudi Kampala nimekuwa nikiwakosoa watu kama ninayelipwa mshahara na serikali. Namkosoa Okwera, nawakosoa walinzi wanaoleta suruali, namkosoa Nnalongo hata akija kunifukuza. Siwezi kuliacha neno bovu lipite mbele yangu.

Jioni ile Okwera alikaa kibarazani na mkono wake juu ya kichwa cha mbwa.

"Kama ni lazima aende, mimi mwenyewe napeleka," akasema. "Mimi nashika kichwa yake mpaka mwisho. Hapana acha mbwa peke yake tena."

Sikumkosoa.

Kwa hiyo tulikuwa na siku ishirini na nane, na aliyetupa matumaini ni Ambroise. Ambroise ni jirani yetu wa chumba cha mwisho, Mkongomani wa Butembo. Hapa anauza viatu vya mitumba soko la Owino, lakini kwao alikuwa daktari wa wanyama, wa ng'ombe na mbuzi na mbwa wa wenye mashamba. Ni mpole kupita kiasi. Alikuja baada ya kazi, akanawa mikono, akachuchumaa, akamlaza Koplo ubavu. Alimwangalia nusu saa nzima. Alipekua manyoya kwa vidole, akakwangua ngozi kwa ukucha, akanusa masikio, akafungua nafasi za katikati ya vidole vya miguu.

"Imbwa hii haina upele," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako ndiyo husemwa njo. "Haina kiroboto. Mwangalie hapa, mu makwapa, mu masikio, chini ya miguu, kote ni nyekundu. Iko kitu anakula, njo inamukula yeye. Munamupatia nini?"

"Posho na mukene," nikasema. Posho huku kwetu ni ugali, na mukene ni dagaa. "Asubuhi sahani moja, jioni sahani moja."

"Na kule kazini?"

"Hiyo hiyo," Okwera akajibu. "Miaka tatu."

Ambroise akatikisa kichwa taratibu. "Basi mutoe samaki. Poso munane, asionje hata kichwa ya samaki moya. Kisha tunamurudishia kidogo, tuone kama anajikuna. Poso munane kwanza, mama. Isipungue."

"Nane, si munane," nikamwambia. "Na ni posho, si poso. Mnaiacha wapi hiyo sh?"

Akaona haya, maskini. "Aksanti, mama. Posho nane."

"Posho nane bila samaki. Nitahesabu mwenyewe."

Kesho yake alfajiri akapanda basi kwenda kambi ya Nakivale kuhakikiwa karatasi zake za ukimbizi, na simu yake ikazimika huko huko.

Mimi kazi yangu naifanya sawasawa. Nilinunua sufuria ya mbwa peke yake. Nilichukua chaki ya kushonea, na kila sahani ya posho na maharagwe niliyompa Koplo nilichora mstari mmoja kwenye mlango wa jikoni. Asubuhi mstari, jioni mstari. Siku ya nne jioni nikachora wa nane, nikasimama kuutazama kwa furaha. Nilisema moyoni, kumbe daktari huyu ni daktari kweli, dawa yake ni siku nne tu. Asubuhi nikampa mukene kidogo, tuone, kama alivyoagiza.

Tukaona. Alijitafuna siku nzima, mpaka mguu wa nyuma ukatoa damu.

Nilikwenda kwa Kahambu, mke wa Ambroise, anayesuka nywele karibu na stendi. Nikamuuliza mume wake alisema nini hasa.

"Poso munane, mama," akasema bila kuinua macho kwenye kichwa anachosuka. "Ambroise akisema munane ni munane. Usipunguze."

Basi nikarudia. Labda mara ya kwanza sufuria ilikuwa na harufu ya samaki. Nikaisugua kwa majivu. Nikasugua hata mikono yangu, mukene wetu nikaacha kupika kabisa, Okwera akala maharagwe kama mwanafunzi wa bweni. Mistari minane. Siku nne. Mukene kidogo. Kra, kra, kra.

Nikarudia mara ya tatu. Mara hii niliwakataza majirani wote wasimtupie chochote, na nikakaa kibarazani na mwiko mkononi kumlinda yeye anayetakiwa kulinda. Ndani ya siku zile nne Okwera akaniambia, "Naona kama hii mala amelala vizuri kidogo."

"Mara," nikasema. "Na hajalala. Wewe ndiye umelala. Mimi ndiye ninayemsikia."

Mistari minane. Mukene. Damu, safari hii shina la mkia.

Sasa mwezi ulikuwa umebaki na siku sita, na nikamaliza subira yote niliyozaliwa nayo. Nilikuwa nimeharibu suruali mbili za watu. Nilikuwa sisali kwa utulivu. Nilisimama katikati ya uwanja nikatangaza kwamba Ambroise ni daktari wa viatu, na kama ng'ombe wa Butembo walipona, walipona kwa rehema ya Mungu. Kisha nikamgeukia Okwera. Maneno haya niliyasema mimi, kwa Kiswahili safi cha Kibera, hakuna wa kusingizia.

"Mpeleke akapigwe sindano, tupumzike sote."

Okwera hakuniangalia. Alichuchumaa, akaufungua ukanda wa Duma kwenye shingo ya Koplo, akaingia nao ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa, kisha likifungwa. Alipotoka alikwenda barabarani kupiga simu, na usiku hakula.

Siku ya Ijumaa, mchana, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya daktari wa sindano, Kahambu alikuja na sketi ya kupindwa. Koplo alikuwa nyuma ya nyumba na Okwera. Mimi nilikuwa sina hamu ya kuongea na mtu, lakini Kahambu alikuwa na furaha zake.

"Ambroise ametuma habari, anarudi kesho, mama! Nimechoka kukaa peke yangu. Poso ine!"

Nikaacha kupima kiuno. Nilimtazama yule binti. Kweli alikuwa amekonda.

"Posho nne?" nikasema. "Tangu aondoke? Mwezi mzima umekula posho mara nne, na mimi jirani yako nipo hapa? Kahambu, hutuamini? Kaa hapo. Kaa!"

Nikaingia jikoni, nikapakua sahani ya posho na maharagwe, nikarudi nayo, na nilikuwa na hasira na Nakivale, na karatasi, na Ambroise, na nafsi yangu iliyokuwa ikihesabu sahani za mbwa huku mtoto wa watu akishinda njaa. Kahambu alitazama sahani, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaketi juu ya suruali za walinzi.

"Apana, mama! Kula ninakula! Poso. Lundi, mardi, mpaka siku ya mungu. Ikiisha, njo poso moya."

"Siku saba?"

"Ee. Siku saba."

"Yaani wiki."

"Njo ile, mama. Wiki. Sisi tunasema poso."

Nilikuwa nimeshika sahani. Naikumbuka ilivyokuwa moto. Kahambu bado anacheka na mimi nafanya hesabu: poso nane, wiki nane, siku hamsini na sita. Mimi nilimpa siku nne. Nikampa tena siku nne, na tena siku nne, na kila alipoanza kupata nafuu nikamtia dagaa mdomoni kwa mkono wangu. Na Ambroise alikuwa amelisema neno sawasawa. Mimi ndiye niliyelisahihisha.

Tena lilikuwa neno langu, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kabla ya kupelekwa Kibera nililelewa kambini, mtoto wa askari. Nikiwa mdogo kila Jumamosi mama alinipa mfuko, nikasimama kwenye foleni ya stoo pamoja na watoto wa askari wengine, tukapimiwa unga. Posho ilitolewa mara moja kwa wiki. Tulihesabu siku kwa posho sisi pia, tukiulizana imebaki siku ngapi kabla ya posho. Miaka hamsini baadaye Mkongomani ananiambia neno hilo hilo, na mimi namuuliza sh ameiacha wapi.

Harufu ndiyo iliyonizindua. Ilitoka nyuma ya nyumba, harufu ya samaki.

Okwera alikuwa amechuchumaa karibu na jiko la mkaa. Alikuwa amenunua kichwa cha sangara, kikubwa, cha kulisha watu wanne, akakichemsha mwenyewe bila kuniambia. Sasa alikuwa anakipuliza kipoe, na Koplo yuko mbele yake ameketi kama askari kwenye gwaride, mkia tu unatembea, shingo haina kitu.

"Usimpe!"

"Mama Kamis, acha," akasema kwa upole. "Leo tu. Hii ni kwaheri yake."

"Usimpe, Baba Kamis. Nisikilize. Ambroise hakukosea."

Mkono wake ukasimama na kile kichwa cha samaki. Nilitaka kumweleza kwa kuzunguka, nianze na Kahambu, nianze na sketi, lakini mbwa alikuwa ameshanyoosha shingo.

"Ni mimi niliyekosea. Poso ni wiki. Alisema wiki nane. Mimi nilihesabu sahani."

Okwera hajawahi kunifokea hata siku moja, na siku ile nilitamani anifokee.

"Wiki nane," akasema.

"Ndiyo."

"Na sisi tumempa siku nne."

"Nne, mara tatu."

"Na mwezi mzima mimi naaga hii mbwa." Akaweka kichwa cha samaki kwenye sahani niliyokuja nayo, juu ya posho ya Kahambu, akaisukuma kwangu. "Na wewe nasema sindano."

"Nilisema."

"Basi samaki hii, kula wewe."

Nikala. Nilikula nimesimama, kila mfupa nikiutafuta kwa ulimi, na mbwa ananitazama, na mume wangu ananitazama. Sijawahi kula samaki mchungu vile, na alikuwa amepikwa vizuri.

Daktari wa sindano alipigiwa simu asije. Lakini Nnalongo alikuwa bado, na mwezi ulikuwa umekwisha. Jumamosi asubuhi nilijitanda vizuri nikaenda kwake peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba daktari ameongeza muda. Nilipofika mbele yake nikaona kwamba uongo huo utamwangukia Ambroise, naye hana kosa, na karatasi zake zenyewe zina taabu ya kutosha. Nikamwambia kweli yote, neno kwa neno, sh na s.

Mabega ya Nnalongo yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua kitambaa cha kichwa akajifutia macho.

"Wewe? Wewe, Mama Kamisi? Kira siku nafundisha sisi Kiswahiri!"

"Ndiyo mimi."

"Mimi nasema habali, wewe nasema habari. Mimi nasema mala, wewe nasema mara. Na wewe mwenyewe napa mbwa wiki kwa sahani!"

"Naomba hizo wiki nane, Nnalongo. Baada ya hapo sitasema neno."

Akajifuta machozi tena. "Nakupa. Lakini leo jioni wewe nasema hii habali tena, mbere ya wote. Kama vile umesema kwangu. Hapana kata hata kidogo."

Jioni wapangaji wote walikuwepo uwanjani, na mapacha wa Nnalongo, na walinzi wawili waliofuata suruali zao, na Ambroise aliyeshuka kwenye basi mchana ule. Nikasimama, nikasema. Nilipofika kwenye posho nane walianza, na nilipofika kwenye sahani niliyompakulia Kahambu hawakuwa wanasikia tena. Ambroise peke yake hakucheka. Alisimama, akasema kwa haya zake kwamba kosa ni lake pia, maana watu wa Lubumbashi wiki wanaiita posho, na niliposema posho alidhani na sisi Kampala ni vivyo hivyo. Wakacheka zaidi. Okwera alikuwa mlangoni na mbwa. Nilimwangalia kuona kama amecheka. Hakucheka.

Jumatatu nilikuwa Mama Posho. Kufikia Alhamisi jina lilikuwa limefika stendi, na kutoka stendi likaenda sokoni. "Mama Posho yupo? Nimeleta suruali." "Mama Posho, leo ni posho ya ngapi?" Nilitamani kuhama. Na hapa uwanjani kila mtu aliniita hivyo isipokuwa mume wangu, ambaye hakuniita chochote. Alisalimu, alishukuru chakula, akaenda kazini Katwe, akarudi. Alinitendea kama ofisa mgeni kituoni. Ukanda wa Duma ulibaki sandukuni, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Mlangoni nikafuta mistari yote. Nikaanza kuchora mmoja kila Jumamosi.

Wiki ya kwanza, kra, kra, kra. Wiki ya tatu, vile vile, na mimi nilikuwa nimeacha hata kumkataza, maana nitamkataza kwa uso gani. Wiki ya tano niliona kitu kama ukungu juu ya baka la pajani, nikadhani ni majivu, nikapuliza, halikutoka. Yalikuwa manyoya. Sikumwambia mtu. Wiki ya saba, siku ya Jumanne, nilikuwa nashona mfuko wa suruali, nikaacha pedali nikate uzi, na sikusikia kitu. Nikangoja. Kimya. Nikajua amekufa, nikatoka mbio na mkasi mkononi. Koplo alikuwa amelala kivulini, miguu minne imetupwa huku na huku, mdomo wazi. Alifungua jicho moja, akaniona, akalifunga.

Nilikaa chini pale pale nikalia kama mtoto. Kwa hasira, ndiyo, maana ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Jumamosi ya mstari wa nane Ambroise alikuja na dagaa wachache kwenye kipande cha gazeti. Alimpekua mbwa, akatabasamu, akamwambia Okwera, "Sasa tunamupatia samaki kidogo, siku mbili tatu. Akijikuna, tunajua kweli ni samaki. Njo vile kazi inafanywa."

Okwera akatazama wale dagaa, akamtazama mbwa. "Hapana."

"Lakini papa, hatutajua—"

"Mimi hapana taka kujua."

Akaingia ndani. Nilisikia sanduku. Akatoka na ukanda wa Duma, akachuchumaa, akamfunga Koplo shingoni, na safari hii ilibidi ausogeze tundu moja mbele, maana mbwa alikuwa amenenepa. Alimaliza, akajifuta mikono kwenye suruali. Kisha akanigeukia mimi nikiwa na chaki yangu mlangoni. Wiki nane nilikuwa namwogopa mume wangu, na nilimwogopa hata wakati ule.

"Mama Posho," akasema, "Koplo nataka chakula."

Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, ila pembe ya mdomo haikuweza kutulia. Ambroise akaanza kuangalia viatu vyake.

"Ni anataka," nikamwambia. "Si nataka."

Nikaenda kupika.